Filamu zilizotuangusha na zinazostahili kurudiwa: maswali tunayoulizwa hapa Goma

Kila Jumamosi jioni, umeme ukiwepo au jenereta ikikubali kuwaka, tunaonyesha filamu kwenye ukumbi wa mbao hapa Majengo. Filamu ikiisha watu hawaondoki. Wanabaki wakibishana mpaka mwenye ukumbi aanze kukusanya viti. Filamu nzuri hazileti ubishi mrefu. Ubishi unawaka kwa zile zilizokuwa na hadithi tamu mkononi zikaiacha idondoke. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara, na majibu ni yangu, baada ya kuwasikiliza wengi.

Kurudia filamu ni nini? Si sawa na sehemu ya pili?

Hapana. Sehemu ya pili inaendelea pale ya kwanza ilipoishia. Kurudia ni kuanza upya: hadithi ileile inaandikwa tena, inachezwa tena, na watu wengine. Kama chanzo ni kitabu, mara nyingi watengenezaji huiweka kando filamu ya zamani na kurudi kwenye kitabu chenyewe. Njia hiyo ndiyo tunayoipenda zaidi.

Kwa nini kurudia iliyoharibika? Si heri kurudia iliyofaulu?

Iliyofaulu imeshamaliza kazi yake. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, karibu picha kwa picha, safari hii kwa rangi. Watu walitoka sinema wakiulizana ilikuwa ya nini.

Sasa tazama upande wa pili. The Maltese Falcon, kitabu cha Dashiell Hammett, kilifanywa filamu mwaka 1931, kikafanywa tena 1936 kwa jina lingine, na ni mara ya tatu, mwaka 1941, John Huston alipokishika, ndipo ikapatikana filamu ambayo dunia inaikumbuka hadi leo. Au Dune, hadithi ya familia zinazogombea sayari ya jangwa. David Lynch aliitengeneza mwaka 1984, kitabu kinene cha Frank Herbert kikabanwa ndani ya saa mbili na robo hivi; mtazamaji asiyekisoma kitabu alipotea njiani, na Lynch mwenyewe hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Mwaka 2021 Denis Villeneuve alichukua karibu nusu tu ya kitabu, akakipa nafasi ya kupumua, na filamu ikaondoka na tuzo 6 za Oscar. Jangwa lilikuwa lilelile na familia zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo swali tunalojiuliza ukumbini ni hili: chini ya jivu la filamu hii, bado kuna moto? Kama hakuna, tunaiacha ilale.

Ni filamu gani iko juu kabisa kwenye orodha yenu?

Congo, ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Frank Marshall kutoka kwenye kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1980. Kwa mtu wa Goma sababu iko dirishani. Hadithi inaishia kwenye milima ya Virunga, ile tunayoiona asubuhi kabla mawingu hayajaifunika.

Kwa ambaye hajaiona: kampuni ya mawasiliano ya Marekani inatafuta almasi ya buluu kwa ajili ya mitambo yake. Watu wake wa kwanza wanauawa msituni. Msafara wa pili unaondoka. Yumo mwanamke wa kampuni anayemtafuta mchumba wake wa zamani, yumo mtaalamu anayemrudisha nyumbani gorila aitwaye Amy, yumo kiongozi wa safari, na mzee mwenye tamaa anayeusaka mji uliopotea wa Zinj. Amy anaongea kwa ishara za mikono, na kifaa alichovaa kinageuza ishara hizo kuwa sauti. Mjini Zinj wanakuta gorila wa kijivu wanaoua watu, kizazi cha gorila waliofundishwa zamani kulinda machimbo. Kisha mlima unalipuka.

Ukiisikia hivyo unatamani kuiona, na hapo ndipo uchungu unapoanza. Gorila wa filamu ni watu waliovaa mavazi. Mavazi yenyewe si mabaya, yalitoka kwenye karakana ya Stan Winston, fundi mkubwa wa kazi hiyo. Kibaya ni walichopewa kufanya. Gorila wa milima yetu anakula majani, mabua na machipukizi ya mianzi. Dume mwenye mgongo mweupe akijipiga kifua na kukukimbilia, mara nyingi anakuonya tu ili uondoke, na walinzi wa mbuga watakwambia uiname, utulie, usimkazie macho. Kumgeuza mnyama huyo kuwa muuaji wa kulinda almasi, wakati yeye ndiye anayeuawa, ni dhuluma ambayo sijaweza kuisamehe.

Halafu jina Zinj. Ni neno ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na Zanzibar ilipata jina lake humo. Kulichukua na kulipandisha hadi Virunga ni kama kuihamisha bandari ya Matadi, kule karibu na bahari, na kuileta Masisi, huku milimani. Na almasi? Almasi ya Kongo inajulikana iko Kasai, Mbuji-Mayi na kandokando yake.

Lakini kinachonikaa rohoni zaidi ni tarehe. Filamu ilitoka Juni 1995. Mwaka mmoja kabla, Julai 1994, watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda ndani ya siku chache, kipindupindu kikaua maelfu juu ya mawe haya ambayo hata kaburi hayachimbiki. Filamu ilipoingia sinema, kambi za Kibumba, Katale na Mugunga bado zilikuwa zimejaa watu. Waliokaa kwenye viti vya Marekani wakila bisi waliona Virunga isiyo na mtu, ila wapagazi wa kufa mapema.

Mbona ilileta pesa nyingi? Ilianguka wapi?

Ni kweli. Iligharimu takriban dola milioni 50 na kuingiza zaidi ya milioni 150 duniani kote. Waliotoa pesa walifurahi. Waliokata tiketi ndio tunaowazungumzia hapa.

Mngeirudia vipi?

Swali hili limewahi kutufikisha saa tano za usiku.

Kwanza, almasi iondoke, ije coltan. Crichton aliona mbali, hili lazima tumpe: kampuni ya mawasiliano inawatuma watu wafe Kongo kwa ajili ya madini yanayofanya mitambo iongee. Leo jambo hilo halihitaji kubuniwa. Tantali, metali inayotoka kwenye coltan, imo ndani ya vifaa vidogo vya simu, na coltan inachimbwa Rubaya, huko Masisi, kwa sururu na koleo, na vijana wanaoingia mashimo ambayo mvua ikinyesha yanaporomoka. Kampuni ya filamu haina haja ya mji uliopotea. Mji upo na unajulikana, una soko na una watoto wanaovaa soksi za mpira kwenda shule.

Pili, Amy abaki. Watu walimcheka kwa sababu ya ile sauti ya mashine, ila yeye ndiye moyo wa hadithi. Na kwetu anayefanana naye aliishi kweli. Rumangabo, makao makuu ya mbuga ya Virunga, kuna kituo cha Senkwekwe, cha gorila yatima, kilichopewa jina la dume aliyeuawa mwaka 2007. Mwaka huohuo walinzi walimkuta Ndakasi, mtoto wa miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Alilelewa na wanadamu, akapigwa picha zilizozunguka dunia nzima, na Septemba 2021 akafa amelala kifuani mwa mlinzi aliyemlea. Katika filamu mpya, mtaalamu kutoka Marekani anamleta Amy nyumbani, na anayempokea ni mlinzi wa namna hiyo. Wawili hao wanabishana: gorila aliyezoea watu anaweza kurudi msituni? Ndakasi hakurudishwa kamwe. Mabishano hayo peke yake yana uzito kuliko gorila wa kijivu wote.

Tatu, volkeno. Hapa namwachia maneno mama mmoja jirani yetu, aliyekimbia mwaka 2002 akiwa na mimba. Tulipoonyesha filamu hii, sehemu ya mlipuko ilipofika alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Sasa watu wa chini ya mulima wako wapi?"

Tangu usiku ule swali hilo halijaniondoka. Kwenye filamu lava inatiririka, mashujaa wanaruka huku na huko, wanaondoka kwa baluni, na hakuna mji chini. Nyiragongo, volkeno yetu, ina mji chini. Lava yake ni nyepesi kama uji, inakimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena jioni, ikasimama ukingoni mwa mji, kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi na maelfu wakaondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Rwanda na Bukavu. Anayekimbia volkeno habebi almasi. Anabeba godoro, sufuria na mtoto, na akisharudi anavunja lava iliyopoa na kujengea ukuta. Nyumba yetu imezungushiwa ukuta wa mawe ya 2002. Mtengenezaji wa filamu mwenye macho angeanzia kwenye ukuta kama huo.

Na waongee Kiswahili. Kiongozi wa msafara ambaye hajui kusema hata "pole" akimkuta mama mwenye mzigo barabarani hatafika Rumangabo.

The Legend of Tarzan ya 2016 nayo imo? Ilikuwa na picha nzuri.

Imo, na kwa hasira zaidi, kwa sababu hii ilikuwa karibu kabisa kufaulu. David Yates aliiweka ndani ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na akawaingiza watu wawili walioishi kweli: Léon Rom, afisa wa Leopold, akichezwa na Christoph Waltz, na George Washington Williams, akichezwa na Samuel L. Jackson.

Williams alikuwa Mmarekani mweusi, askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mchungaji, mwanasheria na mwanahistoria. Alikuja Kongo, akapanda mto, akaona, na mwaka 1890 akiwa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, akamwandikia Leopold barua ya wazi akimtajia maovu ya utawala wake moja baada ya jingine. Mwaka uliofuata alifariki Blackpool, Uingereza, akiwa na miaka 41 tu. Mtu kama huyo unampa nini kwenye filamu ya takriban dola milioni 180? Walimpa bunduki na vichekesho, wakamweka nyuma ya Tarzan.

Rom wa filamu analiwa na mamba, watu wakapiga makofi hata hapa kwetu. Rom halisi alifia Ubelgiji mwaka 1924, kwa amani. Mamba wale wanatupa faraja ambayo historia haikutupa, na mtazamaji anarudi nyumbani akidhani deni limelipwa.

Tungetaka irudiwe bila Tarzan. Tumwachie Williams mto wote, kituo kwa kituo, mpaka usiku ule anapokaa kuandika barua. Misitu halisi kidogo waliyopiga picha ilikuwa ya Gabon, mengine waliyajenga studio Uingereza. Mto Kongo wenyewe bado unangoja.

Na ile ya Jadotville?

The Siege of Jadotville, nayo ya 2016, si filamu mbaya. Inasimulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, wapatao 150 na ushee, waliozingirwa na askari wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, huko Jadotville, yaani Likasi, Septemba 1961. Walipigana siku 5, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Waireland wanastahili filamu yao, kwa sababu nchi yao yenyewe iliwaonea aibu kwa miaka mingi.

Ila ndugu zetu wa Katanga wakiitazama wanaona nini? Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, ofisini, na baada yake vijana wanaokimbilia bunduki na kuanguka. Waliokuwa upande wa pili wa vita hawana jina, hawana mama. Askari wa Katanga aliyekuwa na miaka 20 siku ile alijiunga kwa nini? Alidhani anamlinda nani? Filamu ya pili ingewekwa pale pale, siku zilezile 5, kamera ikigeuzwa tu upande wa mji. Na safari hii isipigwe Afrika Kusini.

Kwa nini Kongo ya kwenye filamu haipigwi Kongo?

Bima, kwanza. Kampuni ya bima isipokubali, hakuna mwigizaji mkubwa anayepanda ndege. Kisha barabara, umeme, usalama, na nchi nyingine zinazorudisha sehemu ya kodi kwa wanaokuja kupigia picha kwao. Ndiyo maana Dark of the Sun ya 1968, kuhusu vita vya Kongo vya miaka ya 60, ilipigwa Jamaika, na filamu ya televisheni ya 1993 ya Heart of Darkness ikapigwa Belize. Sababu hizo nazielewa. Sielewi tu kwa nini, ukishaenda mbali hivyo, usichukue angalau mtu mmoja wa Kongo wa kukwambia kwamba hivyo sivyo tunavyosalimiana.

Na inawezekana. John Huston alipiga sehemu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, karibu na Kisangani, mwaka 1951, watu wake wakiugua kuhara na malaria. Kim Nguyen alipiga Rebelle hapa nchini, na Rachel Mwanza, msichana aliyetoka kwenye maisha ya barabarani Kinshasa, akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin mwaka 2012.

Zipi msiziguse kabisa?

Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Viva Riva! ya Djo Munga. Tunaziheshimu, tunazionyesha kila mwaka, basi.

Mimi ni kijana wa hapa na nina kamera. Naruhusiwa kurudia filamu ya watu?

Filamu ina mwenyewe, na kitabu kina mwenyewe. Congo huwezi kuigusa bila ruhusa: Crichton alifariki 2008, na katika nchi nyingi haki za mwandishi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Lakini hakuna anayemiliki volkeno, wala gorila yatima, wala kampuni inayotafuta madini. Ukiandika hadithi yako mwenyewe kuhusu mambo hayo, bila kuchukua wahusika wake wala mfuatano wa matukio yake, ni yako.

Vitabu vya zamani ni jambo jingine. Heart of Darkness, hadithi ya Mzungu anayepanda mto Kongo kwa meli, ilitoka 1899 na Joseph Conrad alifariki 1924, hivyo unaweza kuichukua na kuipindua utakavyo. Kuna dada mmoja anayekuja ukumbini ambaye ameanza kuiandika upya kutoka ukingoni mwa mto: ile meli inapita, na hadithi inabaki na wanaoitazama ikipita. Amefika ukurasa wa 30. Ninamsumbua kila wiki aendelee. Tarzan, kaa mbali naye. Vitabu vya kwanza ni vya zamani, lakini jina lenyewe linalindwa kibiashara.

Wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, wanaiharibu au wanaiponya?

Wanaiponya mara nyingi, na nasema hivi nikijua wapo watakaonuna. Mimi Congo niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwenye kibanda cha Birere, mbele ya televisheni ndogo, msimuliaji akiwa na kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe. Hakufuata maneno ya filamu. Wapagazi aliwapa majina: mmoja alitoka Walikale, mwingine Kalehe, wa tatu alikuwa na deni la mahari. Walipokufa tulilia. Miaka mingi baadaye nikaiona kwa sauti yake halisi, nikangoja yule wa deni la mahari aongee. Haongei. Anabeba mzigo, anapotea kwenye giza.

Jumamosi ijayo mnaonyesha nini, na tunaletaje mapendekezo?

Tarzan, kwa mara ya mwisho mwaka huu, saa kumi na mbili jioni. Kabla ya filamu tutasoma barua ya Williams kwa Kiswahili; vijana wawili wameifasiri na bado wanavutana kuhusu aya ya mwisho. Mapendekezo leteni kwa karatasi: jina la filamu, na mistari mitatu ya kusema ni nani aliyesahaulika ndani yake. Mama wa lile swali la mlima atakuwa mbele, kiti cha pili kutoka mlangoni. Mwachieni kiti hicho.